Milimita Moja kwa Siku: Neva Iliyojeruhiwa Huota Vipi, na Nini Hakinunuliwi Dukani

Mtu anaosha vyombo, bilauri inapasuka, na kigae chake kinamkata karibu na kifundo cha mkono. Damu inazuiwa, jeraha linashonwa katika zahanati ya jirani, na baada ya siku 10 nyuzi za kushonea zinatolewa. Ngozi imeshikana vizuri. Hata hivyo, kidole gumba hakiwezi kukutana na kidole cha mwisho, na ncha za kidole gumba, cha shahada na cha kati zimekufa ganzi. Jirani anamshauri atafute dawa ya mishipa. Muuzaji anamhakikishia kwamba chupa tatu zitatosha, na kwamba kabla mwezi haujaisha vidole vitakuwa vimeamka.

Katika kurasa hizi tunaeleza kinachoendelea ndani ya mkono huo. Lengo letu si kumfanya msomaji awe daktari, bali kumpa kipimo cha kupimia ahadi anazouziwa. Kipimo chenyewe ni kifupi: uzi wa neva uliokatika huota kwa mwendo wa takribani milimita 1 kwa siku. Anayelijua hilo hapotezi fedha zake kirahisi. Zaidi ya fedha, hapotezi miezi, ambayo katika jambo hili ndiyo mali ghali kuliko zote.

Neno moja, maana nyingi

Tuanze na neno, kwa kuwa sehemu kubwa ya biashara hii imejengwa juu yake. Katika mazungumzo ya kila siku tunasema mshipa tukikusudia njia ya damu, tunasema mshipa tukikusudia kano inayovuta kidole, tunasema mshipa wa fahamu, na wengine husema mshipa hata wanapotaja ngiri au busha. Dawa inayodai kutibu “mishipa” bado haijasema inatibu nini. Mnunuzi ana haki ya kumwuliza muuzaji: mshipa upi? Sisi hapa tutatumia neno neva, na tutakuwa tunazungumzia mshipa wa fahamu peke yake, yaani ule unaopeleka amri kwenye misuli na kurudisha hisia kutoka kwenye ngozi.

Neva inafanana na waya mnene wa umeme ambao ndani yake mna nyuzi nyembamba maelfu kwa maelfu, na kila uzi una mrija wake. Kila uzi ni mkono mrefu wa seli moja, na kiini cha seli hiyo hakipo karibu na kidole. Kipo ndani ya uti wa mgongo au kando yake. Uzi unaohudumia kidole gumba cha mguu huanzia kiunoni, na kwa mtu mzima urefu wake hukaribia mita 1. Kwa hiyo kigae kilichokata kifundo cha mkono hakikuiua seli. Kimeukata mkono wake mrefu, na seli yenyewe imebaki hai, mbali na jeraha.

Hapo ndipo neva inapotofautiana na ngozi. Ngozi hupona kwa seli za kandokando kugawanyika, kuongezeka na kuziba pengo. Seli za neva hazigawanyiki. Seli ileile ya zamani hulazimika kuotesha mkono mpya kuanzia pale ulipokatwa hadi mwisho wa safari, hata kama mwisho huo uko sentimita 60 mbele.

Kinachotokea baada ya kukatwa

Mwaka 1850, daktari Mwingereza Augustus Waller alieleza mbele ya Royal Society ya London alichokiona alipokata neva za ulimi wa chura na kuziangalia kwa hadubini siku baada ya siku. Sehemu iliyobaki upande wa mgongo ilisalimika. Sehemu iliyotengwa, ile ya upande wa mbele, ilivunjikavunjika na kufa. Hivyo ndivyo inavyokuwa kwa binadamu pia, na ndiyo sababu kushona neva iliyokatika hakurudishi hisia siku hiyohiyo. Wagonjwa wengi hukata tamaa wakidhani upasuaji umeshindwa, kumbe daktari hakuunganisha waya wenye umeme. Ameunganisha njia ambayo waya mpya utapita.

Tuchukue mfano wa fundi umeme. Waya ukiungua ndani ya bomba lililofukiwa ukutani, fundi hauvunji ukuta. Huutoa waya mbovu na kupitisha mpya katika bomba lilelile. Mwili hufanya vivyo hivyo. Katika siku na wiki za mwanzo, seli za ulinzi huingia na kula mabaki ya uzi uliokufa. Seli za Schwann, ambazo kazi yake ya kawaida ni kuuviringishia uzi ganda la mafuta, hubadili kazi. Huongezeka, hujipanga mstari mmoja ndani ya mrija ulioachwa wazi, na kutoa kemikali zinazouita uzi mpya. Kisha kutoka upande wa mgongo machipukizi huanza kutokea.

Ncha ya chipukizi hilo ilielezwa kwanza na Mhispania Santiago Ramón y Cajal mwaka 1890, alipokuwa akichunguza viinitete vya kuku. Ni mfano wa kiganja kidogo chenye vidole vinavyopapasa mbele, kulia na kushoto, vikitafuta mahali pa kushika. Kikikuta mrija wenye seli za Schwann, husonga. Kikikuta kovu au pengo, hujikunja, na machipukizi mengi husongamana hapo na kufanya fundo. Fundo hilo huweza kuuma sana likiguswa, na watu waliokatwa kiungo hulifahamu vizuri.

Machipukizi hayaanzi safari mara moja. Hupita wiki kadhaa kabla hayajavuka mahali pa jeraha. Yakishavuka, mwendo wake ni ule tuliokwisha kuutaja: milimita 1 kwa siku, yaani sentimita 3 kwa mwezi, pengine zaidi kidogo kwa mtoto au pale neva ilipopondwa bila kukatika.

Kaa na rula

Sasa tunamwomba msomaji achukue rula au tepu ya fundi cherehani. Kutoka kifundo cha mkono hadi ncha ya kidole cha kati ni kama sentimita 18. Hizo ni milimita 180, kwa hiyo ni siku 180. Ukiongeza wiki za mwanzo, yule wa bilauri atakuwa akisubiri zaidi ya nusu mwaka tangu siku neva iliposhonwa. Aliyekatwa kwenye kiwiko ana sentimita 30 hadi kufikia misuli midogo ya kiganja, na hizo ni miezi 10 au zaidi. Dereva wa bodaboda aliyeanguka kwa bega hata neva za shingo zikavutika ana takribani sentimita 70 hadi mkononi, ambazo ni karibu miaka 2. Neva kubwa ya tako ikikatwa, safari ya hadi mguuni huweza kufika sentimita 90, yaani miaka 2 na nusu.

Hesabu hii si kamilifu, lakini inatosha kumwuliza muuzaji wa chupa tatu swali moja: zile milimita 180 zitapitaje katika siku 30?

Yupo daktari aliyeijaribu hesabu hiyo katika mwili wake mwenyewe. Mwezi wa Aprili 1903, Henry Head wa London alikubali akatwe kwa makusudi tawi la neva katika mkono wake wa kushoto, kisha liunganishwe kwa uzi wa hariri. Rafiki yake W. H. R. Rivers alimpima huko Cambridge kwa muda wa miaka 4, kwa sindano, pamba, na vyombo vya moto na vya baridi. Uchungu wa sindano ulianza kurejea baada ya wiki kadhaa. Mguso mwepesi wa pamba ulichelewa sana. Taarifa yao ilichapishwa mwaka 1908. Hatumshauri mtu yeyote arudie jaribio hilo, lakini linatufundisha kwamba hisia hazirudi zote kwa pamoja, na kwamba hata daktari, aliyeshonwa na mpasuaji hodari, hakupata njia ya mkato.

Kwa nini basi chupa husifiwa?

Msomaji atauliza: mbona nawajua watu waliopona kwa dawa hizo ndani ya mwezi? Tunaamini wapo, na hawasemi uongo. Jibu limo katika aina ya jeraha. Mwaka 1943 mpasuaji Mwingereza Herbert Seddon aligawa majeraha ya neva katika daraja tatu, na mgawanyo wake ungali unatumika. Katika daraja la kwanza neva imebanwa tu, nyuzi zake hazikukatika. Ni kama aliyelala juu ya mkono wake usiku kucha akaamka kiganja kimelegea. Hali hii hupona yenyewe katika siku au wiki chache, na aghalabu haizidi miezi 3. Katika daraja la pili nyuzi zimekatika lakini mirija ni mizima. Hizi huota zenyewe kwa mwendo wa milimita. Katika daraja la tatu neva yote imekatika, na bila upasuaji hakuna la kutumainia.

Aliye katika daraja la kwanza angepona hata kama angekunywa maji matupu. Akiwa amekunywa dawa, sifa huenda kwa dawa. Naye kwa moyo mwema humpa habari jirani yake aliye katika daraja la tatu, na jirani huyo ndiye anayeumia.

Anaumia kwa sababu msuli hausubiri milele. Msuli usiopata amri ya neva hunywea, na kadiri muda unavyopita nafasi yake hushikwa na mafuta na kovu. Ukikaa hivyo miezi 12 hadi 18, uzi mpya hata ukifika huwa hauna tena cha kuamsha. Hisia za ngozi huvumilia muda mrefu zaidi, lakini nguvu ya mkono ina tarehe yake ya mwisho. Miezi 6 iliyopotea kwa chupa, ukiiongeza kwenye miezi 10 ya safari, yatosha kuifikia tarehe hiyo.

Kwa hiyo tunashauri hivi. Jeraha la kisu, panga, bati au kioo likifuatiwa na ganzi au udhaifu, lichukuliwe kuwa limekata neva hadi daktari athibitishe vinginevyo, na mgonjwa aombe rufaa mapema. Ushonaji wa neva iliyokatwa kwa kitu chenye makali huwa bora ukifanywa katika siku za mwanzo, kabla visiki havijarudi nyuma na kushikwa na kovu. Kabla hujachomwa sindano ya ganzi ili ushonwe, mwombe mhudumu akuguse ncha za vidole na akuamuru uvikunje na kuvinyoosha. Ni kazi ya dakika 2. Sindano ikishaingia, vidole vyote vitakuwa na ganzi na hakuna atakayejua lipi limetokana na nini. Pale ambapo ngozi haikukatika, kama katika ajali ya pikipiki au mfupa wa mkono uliovunjika, madaktari kwa kawaida husubiri na kupima. Lakini ikipita miezi 3 bila dalili yoyote, usikubali kuambiwa “endelea kusubiri” bila kuonwa na mpasuaji anayezijua neva. Matokeo mazuri zaidi hupatikana upasuaji ukifanywa kabla ya mwezi wa 6.

Pengo likiwa kubwa, mpasuaji huweza kuchukua kipande cha neva ya hisia kutoka nyuma ya muundi wa mgonjwa na kukiweka kama daraja. Mgonjwa aelezwe mapema kwamba ukingo wa nje wa mguu huo utabaki na ganzi. Hiyo ni bei ya upasuaji isiyoandikwa kwenye risiti.

Ishara ya maendeleo, na hatari ya maji ya moto

Wakati wa kungoja, ipo njia ya kufuatilia safari. Mwaka 1915 Mfaransa Jules Tinel alieleza kwamba ukigonga polepole kwa ncha ya kidole juu ya neva inayoota, mgonjwa husikia mchonyoto kama wa umeme mahali chipukizi lilipofika. Mtaalamu wa fiziotherapia huweza kukuonyesha mahali pa kugonga na kukuwekea alama kila mwezi. Alama ikisonga, neva inasafiri. Ikisimama palepale miezi 2 au 3, rudi kwa daktari. Mchonyoto huo, na hata kuwashwa au kuungua kunakokuja na kuondoka, mara nyingi ni dalili ya uoto. Wauzaji hupenda kusema ni dawa imeanza kazi.

Jambo moja la nyumbani tunalisisitiza kwa uzito. Desturi yetu ya kumkanda mgonjwa kwa maji ya moto ina upendo mwingi ndani yake, lakini kiungo chenye ganzi hakiwezi kusema “basi”. Mtu huungua hadi malengelenge bila kusikia, na kidonda kwenye ngozi isiyo na hisia huchukua muda mrefu kupona. Anayekanda apime maji kwa kiwiko chake mwenyewe, au aache kabisa. Vivyo hivyo, sufuria, pasi na jiko la mkaa vishikwe kwa mkono wenye hisia, na mguu wenye ganzi usitembee peku. Plasta ngumu ya hospitali, au vipande vya mti vya mganga wa mifupa, vikibana hata vidole vikafa ganzi au kubadilika rangi, vilegezwe saa hiyohiyo, si kesho.

Viungo virudishwe katika mkunjo na mnyooko wake wote kila siku kwa mkono mwingine, ili visikakamae. Neva ikifika kwenye kiungo kilichokakamaa imefika kwenye mlango uliofungwa. Mazoezi haya hayana gharama, na kwa maoni yetu yana faida kuliko kitu chochote kinachouzwa kwa jina la dawa ya neva.

Vitamini

Vidonge vya vitamini B huuzwa sana kwa watu wenye ganzi, na hapa inafaa kutenganisha ukweli na ziada. Upungufu wa vitamini B12 huharibu neva kweli. Huwapata watu wasiokula kabisa vyakula vitokanavyo na wanyama, wenye magonjwa fulani ya tumbo, na baadhi ya wagonjwa wa kisukari waliotumia metformin kwa miaka mingi. Hao wakipimwa na kupewa B12 hunufaika. Lakini mtu asiye na upungufu, ambaye neva yake imekatwa na kioo, hakuna ushahidi wa kutegemewa kwamba vidonge hivyo vitaongeza mwendo wa ile milimita 1.

Vitamini B6 ina upande mwingine ambao kibandiko huwa hakiutaji: ikizidi kwa muda mrefu, yenyewe huharibu neva na kuleta ganzi ileile ambayo mtu alikuwa akiitibu. Jambo hilo limejulikana tangu 1983. Mwaka 2023 mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya iliweka miligramu 12 kwa siku kuwa kiwango cha juu kwa mtu mzima, ilhali vidonge vingi vya mchanganyiko wa B huwa na miligramu 100 au 200 kila kimoja. Soma kibandiko, na usichanganye bidhaa mbili zenye B6. Mgonjwa wa kifua kikuu aliyepewa B6 kliniki pamoja na dawa zake asiiache. Kwake imewekwa kwa kipimo na kwa sababu maalumu.

Ganzi isiyotokana na jeraha lolote ni suala jingine. Yaweza kuwa kisukari. Baka lisilo na hisia kwenye ngozi laweza kuwa ukoma, ambao dawa zake hutolewa bure duniani kote kupitia Shirika la Afya Duniani tangu 1995. Hakuna sababu ya kununua chupa kwa ugonjwa ambao tiba yake ni bure.

Uti wa mgongo

Yote tuliyoyasema kuhusu uoto yanahusu neva za mikono, miguu na uso. Nyuzi zilizomo ndani ya ubongo na uti wa mgongo haziendi hivyo. Mwaka 1981 watafiti wa Montreal, Samuel David na Albert Aguayo, walionyesha kwamba nyuzi za uti wa mgongo wa panya huweza kuota zikipewa daraja la neva ya mguuni, lakini zikirejea katika mazingira yake ya asili husimama. Shida basi haimo katika uzi peke yake bali katika njia: ganda la mafuta la huko lina protini zinazouzuia, na kovu huongeza kizuizi.

Tunalisema hili kwa sababu familia zenye mgonjwa aliyepooza huuza shamba kwa ajili ya sindano za seli shina zinazotangazwa mtandaoni. Hadi sasa hakuna tiba ya aina hiyo inayokubalika kwa jumla kuwa imethibitishwa kurejesha nyuzi zilizokatika katika uti wa mgongo. Utafiti halali upo, lakini kwa desturi mshiriki hatozwi fedha ili atafitiwe. Ukiombwa malipo makubwa ya awali, omba kwa maandishi jina la utafiti, kibali chake cha kamati ya maadili, na nani atakayekutibu ukipata madhara. Asiyeweza kujibu amekwisha kujibu.

Ukiwa umekwisha kununua

Usitupe chupa, kibandiko wala risiti, hata kama bidhaa imekwisha. Andika tarehe uliyonunua, jina la duka au namba ya simu iliyotumika kulipia, na maneno ya ahadi uliyopewa, kama ulivyoyasikia. Picha ya tangazo kwenye simu nayo ni ushahidi. Angalia kama kibandiko kina namba ya usajili, jina la mtengenezaji na tarehe ya mwisho wa matumizi, kisha peleka malalamiko kwa mamlaka ya dawa ya nchi yako. Kwa Tanzania Bara ni Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na kwa Kenya ni Bodi ya Famasia na Sumu. Kama bado una ganzi, nenda hospitali kwanza na malalamiko yafuate. Mwambie daktari siku kamili uliyoumia, kwa kuwa hesabu yake yote ya matibabu itaanzia hapo.